Injini na Ukoo Wake

Katika mji huu mtu akikohoa anaambiwa anywe tangawizi, akifilisika anaambiwa afuge kuku, na mwenye pikapu ya petroli anaambiwa aweke dizeli. Ushauri huu wa tatu hutolewa bure, hutolewa kwa sauti kubwa, na hutolewa hasa na watu wasio na gari. Nimeambiwa "weka dizeli" msibani, jeneza likiwa bado halijafika. Nimeambiwa kwenye foleni ya benki na mtu ambaye sikumgusia kuwa nina gari. Alinusa petroli kwenye shati langu akanionea huruma. Hata kinyozi wangu, mtu wa daladala tangu azaliwe, alizima mashine akiwa amefika katikati ya kichwa changu ili anieleweshe vizuri.

Gari lenyewe ni Hilux ya mwaka 1986, ile ya springi za majani mbele na nyuma, ambayo ukipita nayo kwenye tuta unapiga saluti bila kukusudia. Ilikuja na injini ya petroli, 22R, ya kabureta, sentimita za ujazo 2,366. Ni injini nzuri. Narudia kwa faida ya kinyozi: ni injini nzuri. Taimingi yake ni ya cheni, si ya beliti, inawavumilia mafundi wa kila dini, na ukiipa maji na oili haina maneno. Ila inakunywa. Nikienda nayo shamba Mkuranga nikarudi na mihogo, hela ya mafuta inaizidi mihogo, na mama watoto alikuwa ameshaanza kuwaambia wageni mezani wale taratibu, kwa kuwa mhogo ule una gharama kuliko kuku.

Aliyelipeleka jambo hili kwenye kikao ni shemeji. Huyu ni mdogo wake mama watoto, kwa hiyo simjibu ninavyomjibu mdogo wangu mimi. Alikuja Jumapili na bahasha kuukuu, akachora nyuma yake mistari miwili. Petroli inakula hivi, dizeli inakula hivi, tofauti ni hii, zidisha kwa wiki zote za mwaka. "Shem, mwaka na nusu tu, injini inakuwa imejilipa yenyewe." Bei ya injini aliiandika kwa tarakimu. Kwenye gharama za kuifunga aliandika neno "fundi", na pembeni yake akaweka alama ya kuuliza ndogo kiasi kwamba niliiona baada ya kuvaa miwani.

Nikamwuliza, na nguvu je? Hapo ndipo alipopanda jukwaani. Akaanzia Chad mwaka 1987, walivyolitimua jeshi la Gaddafi lenye vifaru kwa kutumia pikapu za Toyota, mpaka vita yenyewe ikaitwa Vita ya Toyota. Akahamia kwa wale Waingereza wa kipindi cha Top Gear, waliochukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988 wakaiacha izamishwe na maji ya bahari, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya ghorofa lililokuwa linaangushwa kwa baruti, na bado ikawaka. Nikamwambia shem, mimi sina ugomvi na Libya, na nyumba yangu haina ghorofa. Mimi nabeba mihogo. Mama watoto akasema, mbona unamkatiza mwenzio anaeleza vizuri? Kikao kikaahirishwa. Dizeli ilishinda kwa kura mbili dhidi ya moja, na hiyo moja haikuhesabiwa kwa kuwa ilikuwa ya mwenyekiti.

Mahali pa kupata injini hapa Dar hapaulizwi. Unashuka Ilala Shaurimoyo au unazama Gerezani, na kabla hujafunga mlango kijana ameshakudaka mkono: "Mzee unatafuta nini, Hilux, Hiace, Kruza?" Injini zimelazwa juu ya matairi chakavu, nyingine zimetoka Japani moja kwa moja, nyingine zimepitia Dubai na Sharjah, na zote, kwa mujibu wa wenye mali, zimeshuka juzi. Sijawahi kukutana na injini iliyoshuka mwaka jana.

Shemeji alikuwa na chaguo lake tayari: 3L. Lita mbili na nukta nane hivi, dizeli ya kawaida isiyo na turbo wala kompyuta, ileile iliyovibeba vipanya vyetu vya Hiace miaka ile abiria tulipokuwa tunakunjana watu wanne kwenye siti ya watatu. Ile 2L ya turbo aliikataa, maana sifa yake ya kupasua silinda hedi inajulikana kutoka Namanga mpaka Tunduma. Hapo nilimpa haki yake. Mimi kwa upande wangu niliikataa 1HZ ya Land Cruiser kwa kuitazama tu: silinda sita, lita nne na ushee. Ile haiingii kwenye gari langu. Gari langu ndilo lingeingia kwenye ile.

Muuzaji aliiwasha injini hapohapo chini. Hii ni sherehe inayojitegemea, na watu husimama kuiangalia. Betri moja, waya mbili, chupa ya maji ya kunywa iliyojaa dizeli, na mpira wa kunyonyea. Akagusisha waya kwenye hita, midomo ikicheza kuhesabu, kisha akagusisha kwenye stata. Injini ikarukaruka juu ya tairi, ikatema moshi mweupe, ikakohoa, ikatulia. Fundi wetu akafungua mfuniko wa oili, akaweka kiganja juu ya tundu ili asikie inapumua kiasi gani. Akakaa hivyo kwa muda, macho yakiangalia mbinguni. Akasema, "Haipumui sana." Lile "sana" lilinikaa kooni, lakini shemeji alikuwa ameshaanza kuhesabu noti zangu.

Tulipolipa, kijana akatoa spana akaanza kuifungua alteneta. Nikamwuliza, unafanya nini? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mzee, si umenunua injini? Alteneta ni injini?" Akaifuata stata. Akaifuata feni. Akaifuata filta ya dizeli yenye ile pampu yake ya mkono juu. Kwa sheria za mtaa ule, injini ni chuma chenye pistoni ndani na pampu ya kusukuma dizeli ubavuni, basi, na hiyo pampu ya ubavuni niliachiwa kwa heshima ya mvi. Vingine vyote ni ndugu zake, na kila ndugu ana bei yake. Ndipo nilipoelewa kwamba kubadili injini ni kuoa: umeposa binti mmoja, ukifungua mlango wanaingia shangazi, wajomba na binamu wa Handeni, na wote wanauliza watalala wapi. Tena kulikuwa na mzee mmoja wa ukoo ambaye hakutajwa kabisa siku ya posa, naye ndiye aliyekaribia kuivunja ndoa. Nitamfikia.

Stata tuliichukua. Filta tuliichukua. Kwenye alteneta shemeji akanishika bega. "Hapo wanakuibia, shem. Iliyopo kwenye gari inatosha, inazalisha umeme uleule." Msomaji naomba aishike sentensi hiyo.

Fundi wetu ana gereji Tabata, chini ya mwembe. Fundi huyu hajui kusema haiwezekani. Anajua kusema "itakaa". Injini ya Hiace kwenye Hilux ya petroli? Itakaa. Na gia boksi? Itakaa mzee, ondoa shaka. Nimekuja kugundua kuwa hakuna kitu gereji kinachokaa chenyewe. Kinakalishwa, kwa nyundo, kwa gesi ya kuchomelea na kwa hela ya mtu aliyeambiwa aondoe shaka.

Siku ya kuing'oa 22R walikuja watu wengi kuliko waliokuja kuniona nilipolazwa. Mwanaume wa Dar akiona boneti iko wazi hapiti. Alikuwepo mmoja na kikombe cha kahawa ambacho sijui alikitoa wapi, mwingine amevaa tai na anachelewa kazini, na mzee wa jirani aliyeleta kiti chake mwenyewe. Winchi ya mnyororo ikafungwa kwenye tawi la mwembe, tawi likalia, injini ikapanda juu ikichuruzika oili. Pale ilipokuwa imekaa kwa miaka yote ile pakabaki wazi, ukichungulia unaona mchanga. Mwenye tai akasema, "Kumbe nafasi ipo kubwa!" Hakujua. Sote hatukujua, isipokuwa fundi, naye alikuwa ameshalipwa nusu.

Injini ya Hiace imeumbiwa gari lisilo na difu mbele. Hilux yangu inavuta magurudumu yote manne, ina ekseli nzima mbele na difu yake. Walipoiteremsha 3L, sampu ya oili ikakaa juu ya difu kabisa, pakabaki nafasi ya kupitisha karatasi ya kuvutia tumbaku. Fundi akaeleza kwa utulivu kwamba gari likiruka tuta difu itapanda na kuitoboa sampu. Kwa hiyo inatakiwa sampu ya Hilux ya dizeli. Na sampu hiyo inataka mrija wake wa kunyonyea oili, kwa kuwa kisima chake kipo mahali pengine. Shemeji akapanda bodaboda na hela yangu, akarudi na sampu bila mrija. Akapanda tena, akarudi na mrija bila gasketi. Mwenye bodaboda akaniomba namba ya simu, akasema siku hizi mimi ni mteja wake mkubwa.

Kisha gia boksi. Matundu ya boliti nyuma ya 22R hayalingani na ya 3L, na hakuna nyundo ya kuyalinganisha. Wapo wanaochonga bamba la chuma likae katikati, lakini fundi alisema njia ya heshima ni kutafuta gia boksi ya dizeli na transfa yake. Heshima ina bei. Tukaipata, ikaingia, na urefu wake ukawa mwingine, kwa hiyo propela shafti ya nyuma ikawa haifiki na ya mbele ikawa inazidi. Zote mbili zikapelekwa kwa fundi wa kukereza vyuma, moja ikakatwa, nyingine ikaungwa, kisha zikasawazishwa. Nikauliza zinasawazishwa kwa mashine gani. Akafumba jicho moja, akaiinua shafti juu, akaitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, akasema, "Safi."

Habari za mauntingi, rejeta, bomba la moshi na kebo ya eksileta sitazieleza. Zote zilikuwa za "itakaa", zote zilikalishwa. Dizeli ni nzito, na gari likainamisha pua. Fundi akaongeza jani moja kwenye kila springi ya mbele. Siku hizi kwenye tuta napiga saluti mbili.

Kwa wasiojua, petroli huwashwa na cheche ya plagi, lakini dizeli haina cheche. Inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inapata joto la kuunguza, halafu nozo inanyunyiza mafuta humo ndani. Ile 22R yangu inabana hewa mara tisa. 3L inaibana zaidi ya mara ishirini na mbili. Ndiyo sababu chuma chake ni kinene, ndiyo sababu inagonga, na ndiyo sababu asubuhi unatakiwa usubiri taa ya hita izimike kabla hujapiga stata. Mjerumani aliyeibuni, Rudolf Diesel, aliifanya ikubalike huko Augsburg mwaka 1897, na kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Shemeji aliposikia habari ya karanga alipiga simu Singida kuulizia bei ya alizeti, na mama watoto akahamishia dumu la jikoni chumbani. Diesel mwenyewe alitoweka usiku wa Septemba 1913 akiwa ndani ya meli, akitokea Antwerp kwenda Uingereza, na nyuma yake aliacha madeni makubwa. Mpaka leo watu wanabishana nini kilimpata. Mimi sibishani. Nimeshakaa na fundi nikaandikiwa orodha ya spea.

Tukafika kwa fundi umeme, kijana mwenye tochi kichwani na majibu mafupi. Juu ya pampu ya 3L kuna kijidude, solenoidi. Kikipata umeme dizeli inapita, kikikosa umeme dizeli inakatika na injini inazima. Huo ndio ufunguo wa kuzimia, hauna mwingine. Kijana akakitafutia umeme, akaupata kwenye waya ambao una umeme wakati wote, mchana na usiku. Injini ikawaka kwa mara ya kwanza ndani ya gari, watu wakapiga makofi, mzee wa jirani akasimama kutoka kwenye kiti chake. Nikazima swichi. Nikatoa ufunguo. Nikashuka, nikatembea mpaka kwa fundi umeme nikiwa nimeushika ufunguo mkononi, na nyuma yangu injini inaunguruma.

"Dizeli ndivyo zilivyo, mzee. Inachelewa kuzima."

Tukangoja. Chai ikaletwa, ikanywewa. Wote tukakubaliana kwamba huko si kuchelewa. Basi fundi mkuu akaingia, akaweka gia ya nne, akakanyaga breki na kuachia klachi. Gari likashtuka, likafa. "Kwa leo zima hivyo," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza choo kilipo. Nilipojaribu mwenyewe niliona pedali ya breki ni ngumu kuliko nilivyoizoea. Nikaambiwa ni breki mpya. Breki hazikuguswa na mtu.

Sasa yule mzee wa ukoo. Kwenye injini ya petroli, kabureta ina kizibo kinachoizuia hewa isiingie ovyo, na kwa kuwa pistoni zinaendelea kunyonya, ndani ya menifoldi kunabaki ombwe. Ombwe hilo linavutwa kwa mpira mpaka kwenye busta ya breki, nalo ndilo linalousaidia mguu wako. Bila hilo unalikanyaga gari la tani na zaidi kwa misuli yako mwenyewe. Dizeli haizibi hewa, inavuta itakavyo, na nguvu inaongezwa kwa kuongeza mafuta. Ombwe halipo. Toyota walilijua hilo zamani, wakaweka pampu ndogo ya kutengeneza ombwe. Na pampu hiyo, kwenye injini hizi za L, wameifunga mgongoni mwa alteneta.

Mgongoni mwa alteneta! Ile ya dizeli, tuliyoiacha Shaurimoyo ili tusiibiwe.

Hayo nimeelezwa baadaye. Siku ya tukio nilikuwa nateremka barabara ya vumbi, shemeji pembeni yangu ameweka mkono dirishani anasikiliza mlio na kutabasamu. Mbele akatokea mama mwenye meza ya machungwa. Nikakanyaga breki, pedali ikakataa. Nikakanyaga kwa miguu miwili, gari likaenda lilivyokuwa linakwenda, pengine likiwa limekasirika kidogo. Nikarudisha gia, nikavuta hendibreki, na kwa rehema za Mungu kulikuwa na mtu anajenga: nikaingia kwenye lundo lake la mchanga, injini ikazima. Huo ulikuwa mzimo wake wa kwanza bila kupingwa. Mama wa machungwa alinipa tusi moja refu. Mwenye mchanga akatoka akadai mchanga wake sasa una oili na haufai kupigia lipu. Shemeji, akiwa bado amekishika kioo cha dirisha, akasema, "Ila shem, umesikia inavyovuta?"

Fundi alipolikagua akasema breki zipo, ila zinataka nguvu. Ni fundi umeme, yule yule wa ufunguo, aliyefuata mpira wa busta kwa tochi yake akakuta umefungwa kwenye tundu lisilonyonya chochote. Tukarudi Shaurimoyo. Alteneta yetu ilikuwa bado ipo, imepanguswa vizuri, imewekwa mbele. Bei yake ilikuwa imepanda tangu ilipokuwa yetu. Na kumbe pampu ile inataka na mrija wa kuletewa oili, na mwingine wa kuirudisha. Wajukuu wawili.

Karatasi nazo zina yake. Kwenye kadi ya gari kumeandikwa namba ya injini na aina ya mafuta, na vyote viwili sasa ni uongo, kwa hiyo lazima virekebishwe. Halafu kuna kibati cha chasisi. Toyota wa enzi hizo walizianza namba kwa herufi za injini: pikapu ya injini za R ni RN, ya dizeli za L ni LN. Yangu ni RN mpaka siku ya kiyama. Ofisa alisoma kibati, akainama akasoma injini, akanisoma mimi. Akaomba risiti ya ununuzi. Risiti niliyopewa na muuzaji ilikuwa nyuma ya karatasi ya kalenda, imeandikwa "Mashine 1" na saini ya mtu aliyekuwa na haraka. Suala hilo bado lina faili.

Haki ya injini niiseme. Inakula kidogo. Naenda Mkuranga narudi na mshale haujasogea kitu, na nikiwa nimejaza mihogo inapanda kilima cha Kongowe bila kunung'unika, ingawa pia bila haraka. 3L ina farasi tisini hivi na wote ni wa makamo. Kelele zake zimefuta faragha yangu, maana mama watoto anajua nimefika kona ya msikiti kabla sijajua mwenyewe. Lakini bahasha ya shemeji ninayo bado, nimeitunza kwenye Biblia ya bibi yake ili asithubutu kuichukua. Mwaka na nusu wake ulihesabu injini bila ukoo. Na ulihesabu kwamba dizeli itakuwa na bei nafuu maisha yote, wakati kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo upya, na mwaka 2022 sote tuliona dizeli ikiipita petroli. Kwa mihogo ninayobeba, hela yangu itarudi wakati mjukuu wangu anastaafu.

Kilichoniuma zaidi ni foleni za gesi. Siku hizi teksi, bajaji na magari ya watu yanajipanga kujaza gesi asilia, gesi yetu ya Songo Songo na Mtwara, na waliofunga mitungi wanajisifu mpaka kero. Injini ya petroli inafungiwa mtungi, mirija na vifaa vyake, inaendelea na maisha. Dizeli haikubali kirahisi hivyo. Tulikuwa tumepita kando ya foleni mojawapo, mimi nimeshika usukani, kimya, shemeji akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unajua shem, ungebaki na petroli, saa hizi ungefunga gesi."

Nilimtazama muda mrefu. Mdogo wake mama watoto.

Na sasa gari linaazimwa. Zamani lilipokuwa linakunywa hakuna aliyeliomba. Mtu alijua atalazimika kuweka mafuta. Leo habari imeenea katika ukoo wangu mimi, si wa injini, kwamba gari la mjomba halili mafuta, na wao wamelielewa neno hilo kwa ukamilifu wake. Limeenda kubeba viti vya ubarikio, limeenda kuhamisha kitanda cha mtu aliyeachwa, limeenda kufuata mbuzi Chalinze. Linarudi na taa ya tangi inawaka na shukrani nyingi. Nikiuliza mafuta naulizwa, kwani si la dizeli?

Wiki iliyopita amelichukua mpwa wangu kupeleka vyombo kwenye sendofu. Huyu ni kijana mstaarabu, amesoma. Kwenye mfuniko wa tangi bado kuna stika iliyoandikwa PETROLI, ambayo fundi rangi aliahidi kuibandua na amelipwa kuibandua. Kijana wa kituo cha mafuta akaisoma, akajaza. Mpaka juu. Ni mara ya kwanza tangu 3L iingie kwa mtu yeyote kulijaza tangi hilo. Gari likafika mtaani likigonga sauti nyingine kabisa, likafia getini bila kuwekewa gia ya nne. Fundi kaja, kasema lisiwashwe kabisa: pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli ni kavu, itaisaga. Tangi limeteremshwa, mirija imepulizwa, filta imetupwa, upepo umetolewa kwa ile pampu ya mkono mpaka shemeji akaota lengelenge. Majirani wamekuja na madumu kuyachukua yale mafuta mchanganyiko, na kila mmoja ana matumizi yake ambayo sikutaka kuyasikia.

Fundi ameniandikia bili. Mpwa wangu naye ameniandikia. Anasema tangi alilijaza kwa hela yake, na risiti anayo, tena ya mashine.